Kiazi cha Mwakani

Wako watu wanaodhani kwamba okidi ni ua la wenye nacho, ua la kuwekwa dirishani ndani ya chungu na kutunzwa kama mtoto mchanga. Sisi wa nyanda za juu kusini tunazijua okidi za namna nyingine. Zetu huota ardhini, katikati ya nyasi, nazo huistahimili baridi ya Juni na Julai, siku ambazo alfajiri nyasi huamka nyeupe kwa jalidi. Katika uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ziko aina zaidi ya 40 za okidi hizo. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa, na si kwa ajili ya simba wala tembo, bali hasa kwa ajili ya maua yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi pembezoni mwa mji wa Njombe. Kiwanja changu kilikuwa na nyasi za asili ambazo jembe halijapata kuzigusa. Nilipokuwa tayari kuchimba msingi, niliona okidi 11 zimesimama pale pale ulipopaswa kupita ukuta. Nikaingiza koleo mbali na mimea, nikainua kila mmoja na donge lake zima la udongo, upana wa karai, nikaupeleka nyuma ya nyumba penye mteremko ambapo maji hayatuami. Baadhi zilikufa. Zilizosalia zimeongezeka polepole, na mvua zilizopita nilihesabu 23.

Nyingi ni za jamii ya Satyrium. Msomaji akitaka kuzitambua, na atazame nyuma ya ua: ataona vijipembe viwili vyembamba vinavyoning'inia, ambamo mna utamu unaowaita wadudu.

Uhai wa mmea huu umefichwa chini. Ukifukua kwa uangalifu wakati wa maua utakuta viazi viwili vidogo. Kimoja kimesinyaa, kwa maana akiba yake yote imekwenda kulisha jani na ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa. Hicho ndicho mmea wa mwakani. Masika yakiisha majani hunyauka, na kuanzia hapo hadi mvua za Novemba huoni kitu juu ya ardhi. Mgeni atakuambia kwamba mmea umekufa. Haujafa, umelala ndani ya kile kiazi cha pili.

Kwa hiyo utunzaji wake ni zaidi wa kujizuia kuliko wa kutenda. Usiweke samadi wala mbolea ya dukani, kwani okidi hizi zimezoea udongo maskini. Usimwagilie wakati wa kiangazi, kiazi kitaoza. Chomeka kijiti mahali ulipoona ua, ili mwenye jembe asipite hapo mwezi wa Agosti. Nyasi zilizo jirani zifyeke baada ya mbegu kupukutika, lakini usizing'oe.

Sababu ya kutozing'oa iko katika mbegu. Tumba moja la okidi hutoa maelfu ya mbegu, nyepesi kama vumbi, na hakuna iliyofungashiwa chakula kama punje ya hindi au ya haragwe. Mbegu ikianguka ni lazima ikutane na kuvu aliyemo udongoni, naye ndiye atakayeilisha mpaka iweze kujilisha kwa majani. Miaka hupita kabla ya ua la kwanza. Ukibeba mmea ukaacha udongo wake, umembeba mtoto ukamwacha mlezi.

Haya yote ningeyaandika kama mambo ya bustani tu, lau si jirani yangu, mama kijana mwenye asili ya Makete. Siku moja ya Machi alipiga hodi, tukasalimiana kamwene, kisha macho yake yakaenda nyuma ya nyumba.

"Mwalimu, unajua kwamba hapa una chikanda?"

"Najua, mama."

"Basi mbona unaviacha viishie ardhini? Mimi mwanangu anakwenda bweni, godoro sina, nauli sina."

Msomaji asiyejua na aelewe kwamba viazi vya okidi ni chakula. Nchini Zambia hutwangwa, vikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, vikapikwa hata vikagandamana na kukatwa vipande. Chakula hicho ndicho chikanda, na jina hilo limeshika hata kwenye viazi vyenyewe. Huko viazi vilipopungua kwa kuchimbwa mno, wachuuzi waligeukia milima yetu, na magunia yakaanza kupita Tunduma. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori kati ya nchi na nchi, lakini mkataba haumlipii mtu nauli.

Nilimwomba anionyeshe wanavyochimba. Alipiga magoti, akafukua kwa vidole bila kukata mzizi hata mmoja. Kwa kweli alikuwa fundi kuliko mimi.

"Hiki mama, hiki mtoto," alisema akivigusa. "Mama amekwisha, hana kitu. Anayenunuliwa ni mtoto."

Baada ya maneno hayo tulinyamaza sote wawili. Kisha akarudishia udongo yeye mwenyewe, akaushindilia kwa kiganja.

Sikumpa viazi. Nilimkopesha fedha za godoro na nauli, naye baada ya mavuno akanilipa kwa madebe mawili ya viazi mviringo. Deni likaisha kwa heshima, na mtoto alikwenda shule. Lakini sijidanganyi kwamba nilitatua jambo. Siwezi kuikopesha wilaya nzima. Kule milimani yuko mama mwingine ambaye hana jirani mwenye pensheni, naye anajua vizuri sana kiazi kipi ni cha mwakani. Anakichukua kwa sababu shida yake ni ya mwaka huu. Anayemwita mjinga hajawahi kusimama mbele ya mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa godoro.

Ninachoweza kusema ni kidogo. Bustani yangu haiwezi kuiokoa Kitulo, wala mtu asiende Kitulo kung'oa mmea ili auhifadhi kwake. Lakini wengi wetu tunajenga juu ya nyasi za asili, na jambo la kwanza tunalofanya ni kulima kila kona hadi ukutani. Acha kipande, hata cha ukubwa wa mkeka. Kwa mvua mbili au tatu usikiguse ila kwa kufyeka, uone kitakachotoka.

Jirani yangu naye ameacha kipande chake, kando ya shamba la viazi. Mwaka jana zilitoka okidi nne. Amezichomekea vijiti, na watoto wamekatazwa kupita hapo.