Mbili ikikutana na nane: mchezo wa karata uliotaka kuleta ugomvi Mongbwalu

MONGBWALU – Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku, na njia ya kwenda mashimoni ilijaa matope. Siku kama hiyo kazi ya kuosha mchanga inasimama, na vijana wanabaki barazani. Kwenye nyumba moja inayopokea familia zilizohama makwao, vijana wanne waligeuza bidoni tupu, wakaweka ubao juu yake, wakaanza kucheza karata. Kila mmoja aliweka franka 2000 katikati. Kwa jumla zilikuwa 8000.

Wa kwanza ni mzaliwa wa Mongbwalu. Wa pili alirudi kutoka kambi ya Kyangwali nchini Uganda. Familia yake ilikimbilia huko mwaka 2018, wakati makumi ya maelfu ya watu wa Ituri walipovuka Ziwa Albert. Wa tatu alikimbia kijiji chake katika territoire ya Djugu, na sasa analala katika nyumba hiyo pamoja na mama yake na wadogo zake. Wa nne alitoka Bunia kutafuta kazi.

Zile franka 2000 za kijana wa tatu hazikuwa zake. Mama alimpa anunue unga.

Wote wanne walijua kucheza, na hapo ndipo shida ilijificha. Kijana wa kwanza na wa tatu walijifunza mchezo ule unaoitwa kwa Kifaransa 8 américain. Kwao, karata ya nane inabadilisha rangi: ukiiweka, unataja piki, karo ama nyingine unayotaka. Yule wa Kyangwali alijifunza Matatu, mchezo wa Uganda. Kule anayebadilisha rangi ni asi, na nane inaruka mtu anayefuata. Juu ya mbili walikuwa wameelewana: mbili inamwokotesha mwenzako karata mbili. Kwa sababu walielewana juu ya hilo, hakuna aliyeuliza juu ya mengine.

Mchezo ulikaribia kwisha. Wa kwanza akaweka mbili ya piki. Wa pili hakuokota. Alijibu kwa mbili ya karo. Wa tatu alibaki na karata moja tu mkononi, nane ya karo. Akaiweka kwa nguvu, akanyoosha mkono kuchukua pesa.

«Nimemaliza!»

«Umemaliza nini?» akauliza wa pili. «Nane inaruka tu, haijibu mbili. Okota nne.»

«Nne za wapi?» akasema wa kwanza. «Sisi hatujumlishaka. Mbili ya mwisho imefuta ya kwanza. Okota mbili, basi.»

«Haiko vile,» akasema wa tatu. «Kwetu nane inafunga kila kitu. Deni limekufa.»

Wa nne naye akaingia: «Kama nane inaruka, imeniruka mimi. Basi deni linarudi kwa yule aliyelianzisha.»

Kwa karata tatu tu, majibu yakawa manne: kuokota nne, kuokota mbili, kutookota kabisa, ama kumrudishia wa kwanza mzigo wake. Kila jibu lilikuwa na mtu wake, na kila mtu aliona pesa yake ikienda.

Ndipo mmoja wao akatamka lile neno: «Ninyi watu wa kwenu mko vile tu.»

Baraza likanyamaza. Katika Ituri, neno «kwenu» likisemwa kwa sauti ile, watu hawafikirii karata tena. Mama mmoja aliyekuwa anachambua maharage aliwaita watoto waingie ndani.

Papa mmoja mzee, aliyefanya kazi Kilo-Moto ujanani mwake, alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai. Hakuuliza nani ana haki. Aliomba kila kijana aeleze alijifunzia wapi mchezo, na kwa meza ile nane inafanya nini. Wote wanne wakaeleza. Alipomaliza kusikiliza, akasema: «Hakuna mwizi hapa. Kila mmoja amecheza sawa kwa meza yake. Lakini hii meza ya leo haikuwa na sheria.»

Akawauliza: «Kule shimoni, PDG wa shimo na wachimbaji wanapatana mgawo wakati gani? Mbele ya kushuka ama kisha kuona dhahabu?»

«Mbele, papa.»

«Kwa nini?»

Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila mmoja alijua jibu.

Jambo hili halisumbui vijana wa Mongbwalu peke yao. Huko Marekani, mwaka 1971, kinyozi mmoja wa Ohio, Merle Robbins, alibuni mchezo wa karata uitwao Uno, wenye sheria zilizochapishwa. Hata hivyo, mwaka 2019 wenye mchezo huo walilazimika kukumbusha watu kwamba karata ya kuokotesha mbili haiwekwi juu ya ile ya kuokotesha nne ili mwenzako aokote sita. Wachezaji wengi walikataa. Nyumbani kwao walikuwa wanajumlisha tangu utoto.

Kuna mchezo mwingine wa mezani, Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji anajifanya mtu wa kazi fulani: mpiganaji, mchawi, kuhani. Kila kazi ina nguvu zake, na mtu anaweza kushika kazi mbili. Katika sheria zao za mwaka 2014, mpiganaji akifika ngazi ya 5 anapata pigo la ziada. Mlinzi wa porini naye vilevile. Mtu mwenye kazi zote mbili, amefika ngazi ya 5 katika kila moja, angefikiri atapiga mara tatu. Sheria inasema hapana, anabaki na mapigo mawili. Imeandikwa pia kwamba sheria ya jambo la pekee ikigongana na sheria ya jumla, ile ya pekee ndiyo inashinda. Waliona mapema kwamba ugomvi hauanzi kwa nguvu moja. Unaanza pale nguvu mbili zinapokutana.

Kwenye baraza la Mongbwalu, yule papa aliomba kipande cha kartoni na kalamu. Vijana wakajadiliana karibu saa nzima, kisha wakaandika:

Mbili inaokotesha mbili. Mbili juu ya mbili zinajumlishwa, na asiye na mbili anaokota zote.

Nane inabadilisha rangi, lakini haifuti deni. Mwenye deni aokote kwanza.

Valé inaruka mtu mmoja. Hairushi deni.

Haturuhusu kumaliza kwa karata yenye nguvu.

Likitokea jambo ambalo hatukusema, karata zinagawanywa upya na kila mtu anachukua pesa yake.

Wa pili alisoma kartoni, akacheka. «Basi kwa sheria hii, huyu alipaswa kuokota nne!»

«Hapana,» akasema papa. «Sheria ya sasa haihukumu mchezo wa asubuhi. Asubuhi hamkuwa na sheria, kwa hiyo hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa. Mchukue pesa zenu.»

Aliyetamka lile neno «kwenu» aliomba msamaha kwa sauti ndogo, akiangalia chini. Wenzake wakakubali.

Kijana wa tatu alihesabu franka zake 2000 mara mbili, akavaa buti, akaenda kununua unga. Alipomaliza kumpa mama yake, alirudi barazani. Kartoni ilikuwa imetundikwa ukutani kwa msumari, na wenzake walikuwa wanagawa karata.

«Tunacheza pesa?» akauliza.

«Bure,» akajibu wa Kyangwali. «Lakini soma kwanza.»