Chuoni Hakuna Kengele

Huenda mwaka huu wewe pia utamsindikiza mwanao hadi kituo cha basi, sanduku kichwani na godoro begani, huku ukijiambia: huyu amekaa bweni miaka minne, chuo kitamshinda nini? Ngoja nikusimulie niliyoyaona mwenyewe.

Mimi ni binti wa Kaloleni, Kilifi. Mwaka jana niliitwa katika chuo kimoja upande wa Eldoret. Mji ule uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezaliwa chini ya minazi huipata habari hiyo kwenye mifupa kabla ya kuisoma kitabuni. Mama alinifungia leso mbili za kujifunika usiku. Blanketi nililitafuta siku ya pili tu, mbio mbio!

Lakini baridi huzoeleka. Hata kuchekwa kwa lafudhi nilikuzoea. Wenzangu walikuwa wakiniomba nizungumze tu, niseme chochote, wao wasikilize kama redio.

Nisichokizoea upesi ni ukimya wa kengele. Wewe uliyesoma shule ya bweni unajua: kengele ya kuamka, ya uji, ya darasani, ya kuzima taa. Ukikosekana kwenye paredi, kiranja anakutafuta. Usipokula, matroni anauliza. Tuliichukia kengele ile, waama, lakini ilikuwa ikituhesabu. Chuoni mhadhiri huingia ukumbini, akafundisha watu mia tatu, akatoka. Uwepo usiwepo, somo limekwisha.

Tulikodi chumba nje ya lango la chuo, wasichana wanne, kila mmoja na kozi yake na ratiba yake. Mmoja wetu, jina nitalificha, alitoka Busia. Mpole, mcheshi, na katika KCSE alitushinda sote. Fedha za mkopo zilipoingia, zile ambazo wanafunzi huziita "bumu", siku hiyo hiyo simu ilipigwa kutoka nyumbani. Mdogo wake amefukuzwa shule kwa karo. Akatuma karibu zote kwa M-Pesa, wala hakutuambia.

Kwanza aliacha chakula cha mchana. Kisha akaacha kwenda darasani, maana tumbo tupu na kilima cha asubuhi havipatani. Mwishowe akawa analala kutwa, uso ukutani. Niliyerudi mchana nilidhani atakula jioni na wenzake. Waliorudi jioni walidhani alikula mchana nami. Siku ya nne niliona kikombe chake juu ya meza, kikavu, mahali pale pale nilipokiacha Jumatatu nilipofagia. Usiku nikawauliza wenzangu: "Nani amemwona huyu akitia kitu kinywani wiki hii?" Hakuna aliyejibu.

Tulimletea chapati na maharagwe kutoka kibandani. Alikula nusu, akalia, akamaliza. Kesho yake tulimpeleka kwa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mtaratibu aliyekaa naye asubuhi nzima.

Sasa sikiliza, mzazi. Mama yake Busia si mtu mbaya, la hasha. Nilipozungumza naye kwa simu alishtuka: "Kwani serikali haiwapi chakula?" Kumbe mjomba wa msichana alisoma chuo kikuu miaka ya 1980, akarudi na hadithi za nyama na maziwa mezani. Wala hakudanganya. Zama zake mwanafunzi alikaa mezani na kupakuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vya umma viligeuza utaratibu, kila mtu akawa analipia sahani yake. Tangu hapo asiye na shilingi hana sahani, na jikoni hakuna anayezihesabu zilizobaki.

Zile fedha nazo si mshahara. Bodi ya HELB, iliyoanzishwa mwaka wa 1995, hukopesha. Mtoto atalipa kwa riba baada ya masomo. Ukimwomba "akusaidie kidogo", unakopa kwa jina lake, na mara nyingine unakopa chakula chake cha jioni. Najua karo ya mdogo wake ni shida ya kweli, na sina jibu la shida hiyo. Lakini kabla ya kuomba, muulize amebakiwa na nini, na usikubali akuambie "niko sawa, Mama". Sote husema hivyo.

Siku hizi kila mmoja wetu hutoa shilingi mia tatu Jumapili, tunanunua unga, maharagwe na sukuma wiki, tunapika pamoja kwa meko. Zamu yangu ikifika na nazi ikipatikana sokoni, wanakula mbaazi za kwetu. Mwenzetu alirudi darasani, akafanya mitihani, masomo mawili atayarudia. Mama yake hupiga simu kila jioni saa mbili. Haulizi tena habari za masomo. Huuliza tumepika nini, na juzi alitaka simu ielekezwe kwenye sufuria aone mwenyewe.