Posa na Vitumbua

Katika nyumba nyingi za mwambao, chakula cha asubuhi huanza jana yake. Atakaye vitumbua huroweka mchele mchana. Jioni huusaga pamoja na tui la nazi, akatia sukari, hamira na iliki, kisha akafunika. Rojo huumuka mpishi akiwa amelala. Alikaangaye kabla ya wakati wake hupata vitumbua vizito, visivyo na raha mdomoni.

Jioni moja mjini Tanga, mama alikuwa akisaga mchele wake mume alipoingia na barua ya posa. Binti yao alikuwa amemaliza kidato cha sita, akingoja kuitwa chuo kikuu. Mposaji alikuwa mtu wa heshima, na baba alitaka kujibu usiku ule ule.

"Bwana, jibu halichachi kwa usiku mmoja," mkewe alisema. "Mwenye kuolewa hajaulizwa bado."

Baba alinyamaza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari. Lakini hiari haiishi kitabuni. Yahitaji mtu wa kuuliza, na muda wa kujibiwa.

Asubuhi, vitumbua vikiwa sahanini, baba alimwuliza binti. Naye alijibu kwa adabu kwamba angependa kusoma kwanza. Baba alimaliza chai yake kimya, kisha akaomba kalamu.

Mashauri makubwa ya nyumba hayana chumba chake. Aghalabu hupikwa jikoni pamoja na chai, na haraka huyaharibu kama iharibuvyo chakula.