Talaka Imetoka, Ushuru Umebaki

Je, mpenzi msomaji, unajua kwamba hati ya talaka haimfungi mtoza ushuru? Mahakama yaweza kuwatenganisha wewe na mwenzako kwa malazi na chakula, lakini maadamu majina yenu mawili yangali kwenye hati ya ploti moja, kila mmoja anahesabiwa kuwa mwenye nyumba.

Ploti yetu iko Kayole, vyumba 12, kila kimoja shilingi 5,000 kwa mwezi. Baba watoto aliondoka nyumbani Desemba 2020, na tangu hapo kodi ya nyumba ikawa inaingia kwenye simu yake. Mimi na wanangu tunapanga Umoja. Talaka ilitoka 2023. Kisha ikaja barua: nilipe ushuru wa nusu yangu ya kodi hiyo, 2021 hadi 2024. Kiwango kilikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa 2023, kisha kikashuka hadi asilimia 7.5. Jumla shilingi 135,000, mbali na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa pesa ambazo sikuzitia mkononi hata siku moja!

Mama yangu alinishauri nilipe nipate amani, maana dawa ya deni ni kulipa. Nilimsikiliza kwa heshima. Lakini wahenga hawakutuachia dawa ya deni la mtu mwingine.

Huko Marekani, mume na mke huweza kujaza fomu moja ya ushuru, na sheria iliyopanuliwa 1998 humruhusu mwenzi asiye na hatia kuomba atuliwe mzigo huo. Kwetu kila mtu ana PIN yake. (Sheria ya ushuru wa mapato ilipoanza 1974, mapato ya mke aliyeishi na mumewe yalihesabiwa kuwa ya mume. Siitamani, ila wiki ile niliikumbuka.) Kwa hivyo mlango wetu ni pingamizi: ndani ya siku 30 tangu upate makadirio, unaiandikia KRA ukieleza wazi unachokataa na kwa nini, na kuambatisha ushahidi. Sehemu usiyoipinga, unailipa. Kamishna asipotoa uamuzi katika muda uliowekwa kisheria, pingamizi lako huhesabiwa limekubaliwa. Akikukatalia, una siku 30 za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Usikawie, dada yangu, kwani ofisi hiyo ina uwezo wa kuiagiza benki yako ilipe kutoka kwa akaunti yako.

Upande wa mume ni mwingine. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema madeni yaliyoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hugawanywa sawasawa. Kodi ya Kayole ingelipa karo ya wanangu, ningenyamaza na kubeba nusu yangu. Haikulipa hata kalamu. Hilo nitamwambia hakimu.

Ushahidi ulinisumbua kuliko sheria. Taarifa zangu za benki zilionyesha tu kwamba sikupokea kitu. Keateka wa ploti, kijana asiyetaka kuingilia mambo ya watu, alinizungusha majuma mawili, kisha jioni moja akaja Umoja na daftari lake. Kila mwezi ameandika chumba, kiasi, na nambari ya simu iliyopokea pesa. Nilipeleka nakala siku ya 26. Daftari lenyewe liko kwangu, chini ya godoro.