Bwawa la Nyumbani Kwetu Buterere

Wenzangu wa bweni wameniuliza mara nyingi, huku wakicheka, "Je, pisini yenu imekwisha?" Basi nimeona heri niwajibu wote kwa mara moja katika ukurasa huu, maana kosa ni langu. Ni mimi niliyetangaza habari za bwawa kabla halijapigwa hata jembe moja.

Kwetu ni Buterere, upande wa kaskazini wa Bujumbura, karibu na uwanja wa ndege. Nchi yenyewe ni tambarare, nayo imo katika bonde la mto Rusizi. Maji yashukayo milimani hupitia kwetu kabla ya kufika Ziwa Tanganyika, na hata mabwawa ya kusafishia maji machafu ya mji yako huko huko. Baba ni fundi cherehani, hushona Buyenzi. Na kaka yangu mkubwa anafanya kazi Dubai. Mwaka jana, mwezi wa tano, kaka aliwapigia simu wazee akasema kwamba ameweka akiba, naye ataka kuijengea familia bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Habari hiyo ilinifikia nikiwa shuleni, na usiku ule ule bweni zima likajua.

Msidhani kwamba kaka alitaka fahari tu. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa iliipiga mitaa ya kaskazini ya mji wetu, na watu zaidi ya 60 wakafa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka kaka alinipandisha juu ya meza, akanishika mguu gizani hata kukapambazuka, na maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Nyumbani mwetu hapakuwa na mtu hata mmoja ajuaye kuogelea. Tangu siku ile kaka huyaogopa maji, naye hakutaka mdogo wetu wa kike, ambaye sasa ana miaka tisa, akue na hofu kama yake. "Bwawa hili ni la huyu mtoto," alisema.

Nilipofika nyumbani kwa likizo kubwa, baba alinipa kazi ya kupima na kuhesabu. "Wewe ndiwe uliyesoma," akaniambia. "Utakaloandika ndilo tutakalolifuata." Maneno hayo yalinipendeza mno. Nikachukua kamba, nikapima nyuma ya nyumba, nikaona kwamba panatosha bwawa la urefu wa mita 8, upana mita 4 na kina mita moja na nusu. Kisha nikachimba shimo la kujaribia ardhi. Ulikuwa mwezi wa nane, jua kali. Nilichimba mita moja na nusu nikakuta udongo wa unyevunyevu, lakini maji hayakutoka. Nikafurahi, nikaandika karatasini: "Ardhi yafaa."

Jirani yetu, mzee mmoja alimaye mpunga, alikuwa amesimama ugani akinitazama. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, unachimba mwezi wa nane ili ujue nini?" Nikamjibu kwamba najua habari za mwezi wa nane. "Vema," akasema, "basi mwezi wa nne utaijua na habari yake." Akaenda zake.

Nililala bila usingizi. Nilikuwa nakijua vizuri kisima cha mzee yule. Wakati wa kiangazi huteka kwa kamba ndefu, lakini mvua za mwezi wa nne zikija, maji hupanda hata mtu akainama tu na kuchota kwa kopo. Basi nikawasha taa, nikachukua karatasi ya pili, nikahesabu upya.

Kwanza maji yenyewe. Bwawa la kipimo kile lachukua lita 48,000, yaani madumu 2,400 ya lita 20. Sisi nyumbani hutumia madumu sita kwa siku. Basi bwawa moja lingekunywa maji yetu ya siku 400. Tena likijaa halikai. Tukisema kwamba jua la kwetu hukausha milimita 5 hivi kila siku, kwa mita za mraba 32 ni lita 160, ndiyo madumu manane. Nikaweka kalamu chini. Jua peke yake lingekunywa kila siku kuliko baba, mama, bibi na sisi watoto sote pamoja. Nami sijataja bado pampu, umeme, wala dawa ya klorini, ambavyo visipokuwapo bwawa hugeuka makao ya mbu.

Pili ni jambo tulilofundishwa darasani, kanuni ya Archimedes, ambayo nilikuwa naijua kwa kuikariri tu. Sakafu na kuta za zege za bwawa lile, kwa unene wa sentimita 15, zina uzito wa tani 25 hivi. Maji ya ardhini yakipanda mpaka nusu mita kutoka juu, yatalisukuma bwawa kwenda juu kwa nguvu ya tani 32, au zaidi. Likiwa limejaa halina neno, maana maji ya ndani yanaligandamiza. Lakini siku tutakapolimwaga maji ili tulisafishe wakati wa masika, litapasuka sakafu, au litainuka kutoka ardhini kama mtumbwi.

Sasa nilikuwa na karatasi mbili mkononi. Nawaambieni kweli, nilifikiri kuichana ile ya pili. Baba asingejua. Kaka naye yuko mbali. Na shuleni walikuwa wakiningoja wenye vinywa vyao! Hata alfajiri sijakata shauri. Kilichonishinda ni kumwona baba amevaa miwani yake, ameketi kungoja kusikia, ameweka mikono magotini kama mtoto mbele ya mwalimu.

Nikamsomea zote mbili. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Hii ya pili ulitaka kuificha?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Hakunigombeza. Akasema tu, "Lile shimo usilifukie. Lifunike kwa mbao nzito na mawe, watoto wasitumbukie. Tutalitazama mwezi wa nne."

Kumwambia kaka ndiko kulikokuwa kugumu. Alisema, "Basi zawadi yangu mmeikataa," akakata simu, akakaa wiki tatu asipige. Mama alikuwa akiiweka simu karibu na mto wake kila usiku. Nami nilijiona kana kwamba nimemwacha yule aliyenishika mguu gizani.

Alipopiga tena, baba alimwomba kwamba sehemu ndogo ya fedha ile ichimbe mfereji wa mawe kuizunguka nyumba na kuinua kizingiti cha mlango, na sehemu iliyo ndogo zaidi imlipie mdogo wetu kiingilio na mwalimu katika bwawa moja la mjini, kila Jumamosi. Kaka alikubali, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Likizo ya Pasaka mwaka huu nilirudi nyumbani, tukaziondoa mbao mimi na baba. Maji yalikuwa yamepanda, yamebakiza shubiri moja tu kufika ukingoni, na chura mmoja akaruka. Baba akacheka mpaka akavua miwani. Nikapiga picha, nikampelekea kaka. Jibu lilikuja upesi: "Lifukieni leo hii." Kisha likaja la pili: "Na mtoto?"

Nikampelekea picha ya pili, niliyoipiga mjini Jumamosi ile: mdogo wetu amelala chali juu ya maji, mikono ameitandaza, mwalimu amesimama kando hamshiki. Kaka alikawia kidogo, halafu akaandika, "Nikija, yeye ndiye atakayenifundisha."

Basi, ndugu zangu, pisini yetu haikujengwa. Shimo tulilifukia siku ile ile. Atakayetaka kucheka na acheke, lakini aje Buterere masika, nami nitamwonyesha mfereji.