Mwanamuziki Aliyeitafuta Nuru

Adolphe Appia alizaliwa Geneva, katika nchi ya Uswisi, mwaka 1862. Baba yake, Louis Appia, alikuwa daktari, mmoja wa watu watano walioasisi mwaka 1863 kamati iliyokuja kuwa ya Msalaba Mwekundu. Mtoto wa mtu kama huyo angalitazamiwa kushika uganga. Yeye alichagua muziki, akausomea Leipzig, Paris na Dresden. Tena alikuwa na kigugumizi. Huenda hiyo ndiyo sababu alikuwa mchache wa maneno mbele za watu, na mwingi wa maneno katika karatasi.

Mwaka 1882 alikwenda Bayreuth kutazama Parsifal, opera ya mwisho ya Richard Wagner. Masikio yake yalishiba, lakini macho yake yalirudi na njaa. Muziki ulimweleza jambo moja na jukwaa likamwonyesha jingine: miti iliyochorwa juu ya nguo, majabali ya rangi, na vivuli vilivyopakwa kwa brashi, ambavyo havikusogea hata taa iliposogea. Mbele ya picha hizo alisimama mwimbaji mwenye mwili, na mwili wake ukazisuta.

Mwingine angalinung'unika akaenda zake. Appia aliona kuwa dosari hii haiponi kwa muziki peke yake, akajifunza kazi ya taa huko Dresden kwa Hugo Bähr, fundi mashuhuri wa zama zile. Hapo ndipo njia yake ilipoachana na njia za wenziwe, maana mwanamuziki aliyesoma hakudhaniwa kuwa na haja ya kujua taa zinavyowashwa.

Hoja yake aliitoa katika kijitabu cha mwaka 1895, kisha katika kitabu kikubwa cha mwaka 1899. Nota huamua muda. Muda huamua mwendo wa mwimbaji. Mwendo hudai mahali pa kupitia, yaani ngazi, kuta na miteremko ya kweli. Nuru ndiyo inayoviunganisha vyote. Nayo ni ya namna mbili: iko nuru ya kuenea, ambayo humwezesha mtu kuona tu, na iko nuru ya kutenda, itokayo upande mmoja, ikachonga umbo na kuzaa kivuli. Hii ya pili aliilinganisha na muziki, kwa kuwa yaweza kupanda, kushuka, hata kunyamaza.

Bayreuth haikumtaka. Cosima, mjane wa Wagner, aliona kuwa mumewe alikwisha kuonyesha mwaka 1876 jinsi Ring ichezwavyo, na hapana la kuongeza. Miaka ikapita Appia akichora majukwaa yasiyojengwa.

Vitabu vile vina kosa lao. Mwimbaji huamriwa kila hatua, hata msomaji akahofu kuwa hakubakiwa na kitu ila pumzi. Aliyemponya Appia ni Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki aliyefundisha mahadhi kwa viungo vya mwili. Walikutana mwaka 1906; tangu hapo Appia alianza kuhesabu kutoka kwenye mwili. Huko Hellerau, karibu na Dresden, walionyesha sehemu ya Orfeo ya Gluck mwaka 1912, na mwaka wa pili yake wakaionyesha nzima. Ukumbi haukuwa na pazia. Alexander von Salzmann alizificha taa kwa maelfu nyuma ya nguo nyeupe, ukumbi wote ukang'aa kama kitu kimoja, wachezaji na watazamaji pamoja. Ulaya ilistaajabu, lakini lugha yenye neno ngoma, ambalo ni chombo, ni mchezo, na ni mkusanyiko wa watu, isingalistaajabu sana.

Vita vya mwaka 1914 vilikatisha kazi ile. Mwaka 1923 Tristan yake ilichezwa La Scala, Milan, Toscanini akiongoza muziki, na wengi waliiona kavu. Basel walianza Ring mwaka 1924; baada ya sehemu mbili tu, kelele za wapinzani zikaizima mwaka 1925. Appia alifariki Nyon mwaka 1928.

Mwaka 1951 Bayreuth ilifunguliwa tena baada ya vita vya pili. Wieland Wagner, mjukuu wa Cosima, aliitoa Parsifal juu ya jukwaa lililokuwa karibu tupu. Nguo za kuchorwa hazikuwapo, ilikuwapo nuru.