Simu tatu za bibi

Najua nimepotea, wengine mmeniuliza kama nimeacha chuo. Sijaacha, ni ualimu tu unatunyoosha: maandalio ya masomo, azimio la kazi, majaribio mawili wiki moja, halafu kuna kundi la WhatsApp la darasa ambalo halilali. Leo nina jambo limenikaa moyoni tangu Jumamosi, ngoja niliandike nisije nikalisahau na lenyewe.

Bibi yangu mzaa mama anakaa Nkoaranga. Kutoka hapa Usa River kwa bodaboda si mbali kabisa, lakini tangu muhula uanze sikuwa nimekwenda hata mara moja. Alinipigia mara tatu. Ya kwanza nilikuwa kwenye kipindi. Ya pili nilikuwa kwenye daladala natoka mjini, tumekwama Tengeru siku ya gulio, kelele tupu. Ya tatu, niseme ukweli, nilikuwa kitandani naangalia vichekesho. Nikaona jina lake, nikasema nitampigia baadaye. Sikumpigia.

Na Mungu nilikuwa namfanyia hivyo hivyo. Sala ya usiku naianza simu iko mkononi, nikifika katikati ya Baba Yetu mwanga unawaka, nasoma ujumbe, nikirudi sikumbuki niliishia wapi. Nikajiuliza, mbona saikolojia ya elimu sijaikosa hata siku moja? Jibu lake ni aibu: kule wanapitisha karatasi ya mahudhurio. Mungu na bibi hawana karatasi ya kusaini.

Basi Jumamosi nikapanda. Mlima Meru ulikuwa wazi hadi kileleni, hata kawingu hakuna. Namkuta bibi kakaa nje kwenye kigoda. Shikamoo bibi! Kimya, mpaka niliposogea karibu kabisa.

"Marahaba. Kumbe ni wewe? Nilidhani mtoto wa jirani."

Jamani. Macho yamepungua kiasi hicho, na mimi sina habari.

Akanipa bakuli la loshoro, sijamaliza akatoa kikaratasi alichokifunga kwenye pindo la kanga. Kadi ya kliniki ya macho. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsomea tarehe, na hakutaka kusumbua majirani wakati ana mjukuu anayesomea ualimu. Ndiyo simu zile tatu. Tarehe ilikuwa imepita siku 11.

Nilimwambia. Hakunigombeza, akasema tutaomba nyingine. Afadhali angenigombeza.

Tukakaa. Bibi akianza mambo ya zamani haishii karibu, akarudi kwenye ile ya Wameru kuhamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet kwenda New York mwaka 1952, kwa michango ya watu, kuwasemea Umoja wa Mataifa. Yeye alikuwa mtoto mdogo. Anasema mama yake aliiombea safari ile kila jioni, hakuna simu, hakuna habari, wanasali na kusubiri tu. Ya Kirilo naijua siku nyingi, lakini hiyo ya mama yake sikuwahi kuisikia. Au labda aliwahi kuisema mimi niko kwenye simu.

Maana hata siku hiyo simu ilikuwa juu ya meza inatetemeka, kundi la darasa linabishana nani atachapa kazi ya kikundi. Mara ya nne bibi akanyamaza, akageuza uso kwenye ule mlio.

"Mjibu kwanza huyo anayekuita," akasema. "Mimi nipo."

Hakusema kwa hasira, mjue. Alimaanisha hivyo hivyo alivyosema. Nikaizima kabisa, si kuiweka kimya, nikamwomba aendelee. Jioni nikamsomea Zaburi mbili, na nyingine akaimalizia mwenyewe kwa kichwa, kisha akaniambia niombe. Nilianza vibaya, nimezoea kuombewa na viongozi wa ushirika, yeye akanisubiri tu mpaka nikapata maneno. Nilishuka giza limeingia.

Kliniki wametupa Alhamisi hii, nampeleka mwenyewe. Saa nne kuna jaribio, nimeshaongea na mhadhiri, kasema ataangalia. Mtuombee. Na wale wa kazi ya kikundi, sehemu yangu nawatumia Jumatano usiku, Alhamisi msinitafute.